Shinikizo la Damu: Maradhi Yasiyobisha Hodi

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika somo letu la juma hili tutazungumza juu ya ufa ambao wengi wetu tunao lakini hatuuoni wala hautuumi. Ufa huo ni shinikizo la damu, au presha kama tunavyoiita sote, kuanzia Naivasha hadi Molo. Ukuta ambao hujengwa baadaye kwa gharama kubwa, na pengine usisimame tena, ni kiharusi. Huko ni kupooza upande mmoja wa mwili, kupoteza usemi, au kufa.

Tuanze na mfano. Huyu si mtu fulani, lakini yeyote aliyewahi kungoja zamu kwenye benchi la kliniki ya presha atamtambua.

Mzee mmoja, mkulima wa viazi huko Mau Narok, ana umri wa miaka 56. Bintiye anampeleka kliniki kwa sababu ya kikohozi. Muuguzi anampima presha na kupata 178 kwa 104.

"Mzee, presha yako iko juu sana," anamwambia.

"Mimi haniumi popote, sista. Juzi tu nimepakia magunia ya viazi kwenye lori."

Anapewa tembe, naye anazimeza kwa miezi mitatu. Anaporudi, kipimo ni 128 kwa 80. Mzee anafurahi, anarudi nyumbani na kutangaza kuwa amepona. Nauli ya kwenda kliniki na pesa za dawa anaziweka kando zisaidie kulipa karo. Miezi minane baadaye, alfajiri akikamua ng'ombe, ndoo inamponyoka mkono wa kulia. Anajaribu kumwita mkewe, lakini maneno hayatoki.

Sasa mzee huyo hawezi kushika jembe. Mkewe ndiye anayemgeuza kitandani. Binti aliyekuwa akitafutiwa karo ameacha masomo ili amlishe babake.

Kosa la mzee huyu lilikuwa moja tu. Alidhani kujisikia mzima ndicho kipimo cha presha. Msomaji, ukisahau mengine yote katika somo hili, usisahau hili: kujisikia mzima si kipimo. Kipimo ni mashine.

PRESHA NI NINI?

Moyo ni pampu. Kila unapopiga, husukuma damu kupitia mishipa hadi kwenye ubongo, figo, macho na miguu. Damu ikipita, husukuma kuta za mishipa kwa ndani, na msukumo huo ndio huitwa shinikizo la damu. Kila mtu aliye hai analo. Ugonjwa ni pale linapozidi kiasi na kubaki juu siku zote.

Fikiria mpira wa kunyunyizia maji shambani. Maji yakipita kwa nguvu ya kadiri, mpira hudumu miaka mingi. Lakini ukiyafungulia kwa nguvu mno usiku na mchana, mpira huanza kuchakaa. Mahali pengine huwa pagumu na pembamba, na pengine hupasuka. Mishipa yetu huharibika vivyo hivyo, polepole, kwa miaka kumi au ishirini, bila maumivu yoyote.

Ukipimwa, utaambiwa tarakimu mbili. Ya kwanza, ambayo ni kubwa, ni msukumo wakati moyo unapobana kusukuma damu. Ya pili ni msukumo wakati moyo unapotulia kati ya pigo moja na jingine. Kipimo kizuri kwa mtu mzima ni karibu 120 kwa 80 au chini kidogo. Ikiwa tarakimu ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini ni 90 au zaidi, na ikawa hivyo ulipopimwa siku mbili tofauti, basi una ugonjwa wa shinikizo la damu. Si lazima tarakimu zote mbili zizidi. Hata moja inatosha.

JE, MARADHI HAYA YALITOKA WAPI?

Wapo wanaosema kwamba presha ni uzee tu, na kwamba kila mzee lazima awe nayo. Historia ya nchi yetu inaonyesha vingine.

Mnamo 1929, daktari mmoja Mwingereza aliyeitwa C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, aliandika katika jarida la Lancet la Uingereza kuhusu watu wapatao 1,000 aliowapima. Aligundua kwamba presha yao haikupanda kadiri walivyozeeka, kama ilivyokuwa kwa watu wa Ulaya. Miaka ya 1960, watafiti waliwapima morani wa Kisamburu na kuona presha zao ziko chini. Lakini wenzao walioandikwa jeshini, wakaanza kula chakula cha jeshi chenye chumvi nyingi, presha zao zilipanda.

Utafiti mwingine ulichapishwa mwaka 1990. Uliwafuata Waluo waliohama kutoka mashambani magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Muda mfupi tu baada ya kufika mjini, presha zao zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi. Potasiamu ni madini tunayopata katika mboga, matunda, maharagwe na viazi.

Sasa tuje kwetu Nakuru. Mwaka 2007 na 2008, watafiti wakiongozwa na daktari wa macho, Dkt Wanjiku Mathenge, waliwapima watu wapatao 4,400 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, mjini na mashambani. Waligundua kwamba nusu yao walikuwa na shinikizo la juu la damu, na waliokuwa wakiishi mjini waliathirika zaidi. Kwa maneno mengine, ukiwaona wazee wawili wa rika hilo wakipiga gumzo kando ya barabara, huenda mmoja wao anayo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 nao ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Tunajifunza nini hapa? Kwamba presha si adhabu ya uzee wala si uchawi. Kwa sehemu kubwa, ilikuja pamoja na mabadiliko ya maisha yetu. Tunachokula, tunavyotembea na tunachokunywa vinaweza kuipandisha, na vinaweza pia kuiteremsha.

Hata hivyo, usije ukadhani kwamba presha ni ya wanene tu au ya wenye mawazo mengi. Ni kweli unene huongeza hatari, na hasira hupandisha presha kwa muda. Lakini wembamba wengi wanayo, na watu wenye furaha wanayo. Ikiwa baba au mama yako aliugua presha au kiharusi, wewe una sababu zaidi ya kupimwa mapema.

NAMNA YA KUPIMWA

Kila mtu mzima apimwe angalau mara moja kwa mwaka. Huduma hii hupatikana katika zahanati, vituo vya afya, hospitali na maduka mengi ya dawa. Tangu mwaka 2023, wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba kwa nyumba wamekuwa wakipewa mikoba yenye vifaa, na mashine ya presha ni mojawapo. Mhudumu wa mtaa wako akibisha hodi, mkaribishe na umwombe akupime.

Ili kipimo kiwe cha kweli, zingatia yafuatayo:

1. Usivute sigara, usinywe kahawa wala chai ya majani, na usifanye kazi ya nguvu kwa nusu saa kabla ya kupimwa.

2. Nenda haja ndogo kwanza.

3. Keti na utulie dakika tano. Egemea kiti, miguu ikanyage chini bila kupishana.

4. Mkanda wa mashine ufungwe kwenye mkono mtupu, si juu ya sweta. Najua baridi ya Molo, lakini vua.

5. Mkono ulazwe mezani, usawa wa moyo. Usizungumze wakati mashine inafanya kazi.

6. Uliza tarakimu zako na uziandike kwenye daftari lako la kliniki pamoja na tarehe. Usikubali kuambiwa tu kwamba "iko sawa." Tarakimu ni zako.

CHUMVI: FANYA HESABU JIKONI MWAKO

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai kisichojaa pomoni. Hiyo ni chumvi yote, pamoja na ile iliyomo tayari katika mkate, soseji, chipsi na viungo vya mchuzi vya pakiti.

Wengi huuliza, "Nitajuaje kama nimezidisha?" Hesabu yake ni rahisi. Chukua familia ya watu wazima watano. Kila mmoja gramu tano kwa siku, jumla ni gramu 25. Pakiti ya nusu kilo, yaani gramu 500, haifai kwisha kabla ya siku 20. Kwa kuwa chumvi nyingine huingia kupitia vyakula vya kununua, inafaa idumu hata zaidi ya hapo. Basi leo, mama au baba unayepika, andika tarehe kwenye pakiti unapoifungua. Ikiisha kwa siku kumi, umepata jibu.

Ondoa kichupa cha chumvi mezani. Nyama choma usiichovye kwenye chumvi, kamulia ndimu au kula na kachumbari. Sukuma wiki, managu na terere zipikwe kwa kitunguu, nyanya na dania, na chumvi itiwe kidogo mwishoni. Mwanzoni chakula kitaonekana hakina ladha, lakini baada ya majuma machache ulimi huzoea.

Bahati nzuri, eneo letu lina vyakula vingi vya kusaidia: maharagwe, kunde, viazi, ndizi, parachichi na mboga za kienyeji. Githeri isiyo na chumvi nyingi ni chakula bora kabisa. Ila mwenye ugonjwa wa figo asizidishe vyakula vyenye potasiamu, wala asitumie chumvi mbadala iliyotiwa potasiamu, kabla ya kuongea na daktari wake.

Mambo mengine yanayoteremsha presha ni kutembea kwa mwendo wa haraka nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma, kupunguza uzani uliozidi, na kupunguza pombe au kuiacha kabisa, iwe ya chupa, busaa au chang'aa. Sigara nayo huharibu mishipa ileile ambayo presha inaichakaza. Mwenye presha anayevuta sigara anaongeza moto juu ya moto.

DAWA: HAPA NDIPO WENGI HUANGUKA

Turudi kwa mzee wetu wa Mau Narok. Kipimo chake cha 128 kwa 80 kilikuwa cha kweli. Lakini presha haikuwa imepona, ilikuwa imezuiwa na dawa. Kuacha tembe kwa sababu presha imeteremka ni sawa na kuezua paa kwa sababu nyumba haivuji. Nyumba haivuji kwa kuwa paa lipo!

Kwa watu wengi, dawa za presha ni za maisha. Daktari anaweza kuzipunguza ikiwa umepunguza uzani na kubadili chakula, lakini hilo ni la kuamuliwa naye baada ya kukupima, si la kuamua mwenyewe. Usizimeze siku unapoumwa na kichwa au unapokasirika tu. Zimeze kila siku, saa ileile, kwa mfano na chai ya asubuhi.

Ni kweli dawa zina madhara madogo kwa baadhi ya watu. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Enalaprili huwaletea wengine kikohozi kikavu kisichoisha. Haidroklorothiazaidi huongeza kwenda haja ndogo, hivyo ni vyema kuimeza asubuhi. Ukipata shida kama hiyo, usitupe dawa na kunyamaza. Rudi useme, kwani ziko aina nyingi na unaweza kubadilishiwa. Mwanamke mwenye mimba, au anayetarajia kushika mimba, amweleze daktari mapema, kwa sababu enalaprili na losartani zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Tena kila mjamzito apimwe presha kila anapohudhuria kliniki, kwani presha inayopanda katika mimba inaweza kuleta kifafa cha mimba.

Ikiwa tatizo ni pesa, sema wazi. Hakuna aibu. Daktari akijua, anaweza kukuandikia dawa iliyo nafuu zaidi. Usiazime tembe za jirani, kwa kuwa huenda yake haikufai. Unaposafiri kwenda mazishini au kuvuna, beba tembe za kutosha. Na ukitumia dawa za miti shamba, mwambie daktari, wala usizifanye badala ya tembe ulizoandikiwa.

Faida yake ni kubwa. Tafiti nyingi duniani zimeonyesha kwamba kuteremsha tarakimu ya juu kwa alama 10 tu hupunguza hatari ya kiharusi kwa takriban robo. Kwa mtu kama mzee wetu, aliyekuwa ameteremka alama 50, unaona mwenyewe alichokitupa.

KIHARUSI: UITAMBUE SAA YAKE

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo. Ama mshipa umezibwa na donge la damu, ama umepasuka na damu kuvuja ndani ya ubongo. Kwa nje, aina hizi mbili hufanana. Hutofautishwa kwa picha ya skani hospitalini.

Shika maneno manne, na uwafundishe watoto wako pia:

USO: Mwambie atabasamu. Je, upande mmoja umelegea?

MKONO: Mwambie ainue mikono yote miwili. Je, mmoja unaanguka?

USEMI: Mwambie ataje jina lake na mahali alipo. Je, maneno yanakwama au hayaeleweki?

SAA: Ukiona hata dalili moja, angalia saa na umkimbize hospitali papo hapo.

Dalili nyingine ni kutoona ghafla, kupepesuka ghafla, au kuumwa kichwa ghafla kwa namna ambayo mtu hajawahi kuumwa.

Kwa nini saa? Kwa sababu ipo dawa ya kuyeyusha donge la damu, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu tangu dalili zianze, na baada ya skani. Si kila hospitali inayo, hivyo uliza mapema ni hospitali ipi karibu nawe yenye skani. Usingoje wakati wa dharura. Hata dawa hiyo isipokuwepo, mgonjwa anayefika mapema huepushwa na mengi, kama kuvuta chakula mapafuni.

Mkiwa njiani, mlaze kwa ubavu. Usimpe chakula, maji wala chai, kwani anaweza kukabwa. Usimpe aspirini, kwani ikiwa mshipa umepasuka utazidisha kuvuja. Usimpe tembe za presha nyingi kwa pupa. Usipoteze nusu siku ukitafuta aliyemroga. Kiharusi ni ugonjwa wa mishipa, na kila dakika sehemu ya ubongo inakufa.

Je, dalili zikija na kuondoka baada ya dakika chache? Wengi husema, "Asante Mungu, yamepita," wakarudi kazini. Hilo ni kosa kubwa. Hilo ni onyo kwamba kiharusi kinaweza kufuata, na hatari kubwa zaidi ni siku chache zinazofuata. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Vilevile, kipimo kikifika 180 kwa 120 au zaidi, pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuchanganyikiwa au udhaifu wa mkono au mguu, ni dharura.

Na ikiwa tayari una mgonjwa nyumbani, usikate tamaa. Mgeuze kila saa mbili asipate vidonda, nyoosha viungo vyake kila siku kama ulivyofundishwa hospitalini, mlishe akiwa ameketi wima, na uhakikishe anameza dawa zake. Kiharusi cha pili hupenda kumrudia aliyepata cha kwanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kabla ya kukunja gazeti hili, jibu maswali haya ukiwa na jamaa zako:

1. Tarakimu zako za presha ni ngapi, na ulipimwa lini?

2. Pakiti ya chumvi nyumbani kwako hudumu siku ngapi?

3. Nani katika familia yako ameacha dawa za presha kwa sababu anajisikia mzima?

4. Maneno manne ya kutambua kiharusi ni yapi?

5. Leo usiku mtu akianguka nyumbani kwako, mtatumia gari la nani, na mtampeleka hospitali gani?

Ikiwa huna jibu la swali la kwanza, hujachelewa. Kesho ukienda sokoni, pitia kituo cha afya kilicho karibu, ukunje mkono wa shati na upimwe. Na ikiwa swali la tatu limekukumbusha baba, mama, mjomba au jirani, usimgombeze. Keti naye, msomee kisa cha mzee wa Mau Narok, kisha umsindikize kliniki. Kinga ni bora kuliko tiba.